Utafiti wa tiba ya michezo huanzia kwenye daftari la majeruhi

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mfiziotherapia, nina miaka 27, nilisomea Moshi na sasa nimeajiriwa hospitali moja hapa Morogoro. Jioni na mwisho wa wiki nahudumia timu ya mpira ya hapa mjini, nalipwa nauli na soda. Nimeipenda tiba ya michezo, nataka niwe mtafiti wa chuo kikuu. Lakini kila ninayemuuliza ananiambia kazi hiyo kwetu haipo, na kama ipo ni ya madaktari waliosoma Ulaya. Niache? Na kama nisiache, naanzia wapi, na maisha yenyewe yakoje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usiache.

Waliokuambia kazi haipo wamekueleza nusu ya kweli. Ukisubiri tangazo la ajira lililoandikwa "mtafiti wa tiba ya michezo", utasubiri mpaka uote mvi. Chuo kinaajiri mhadhiri wa fiziotherapia, wa fiziolojia, wa mifupa, wa elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Ukishaingia, utafiti wa michezo unaufanya wewe mwenyewe ndani ya ajira hiyo, na hakuna atakayekuzuia, kwa sababu mhadhiri hapandi cheo bila kuchapisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Kenyatta kule Kenya wanayo, na vyuo vyetu vya tiba vina fiziotherapia na mifupa. Milango ni hiyo. Ila jambo moja lisikupite: vyuo vya umma hapa Tanzania huweka kiwango cha chini cha GPA ya shahada ya kwanza, na hukitazama hata ukija na uzamivu mkononi. Tafuta cheti chako leo uangalie. Kama GPA yako iko chini, bado kuna vyuo binafsi, hospitali za rufaa na taasisi za utafiti, ila ni bora ujue mapema kuliko kugonga mlango usiofunguka.

Sasa hilo la kwamba ni lazima uwe daktari. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa vijana wengi wa fani yako.

Kuna programu ya kupasha misuli joto inaitwa FIFA 11+. Ni mazoezi 15 kwa dakika 20 hivi: kukimbia taratibu, kisha nguvu na mizani ya mwili, kisha kukimbia kwa kasi na kukata kona. Vifaa ni mpira na koni, na koni zisipokuwepo chupa za maji zinatosha. Iliandaliwa mwaka 2006, na Wanorwei wakaijaribu kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 kutoka klabu 125. Mwaka 2008 matokeo yakachapishwa: majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa yalipungua zaidi. Swali likabaki pale pale. Je, kitu kilichofanya kazi kwenye nyasi za Norwei kitafanya kazi kwenye viwanja vyetu, kwa vijana wetu, na makocha wetu wenye haraka?

Aliyelijibu ni mfiziotherapia wa Lagos, Oluwatoyosi Owoeye, pamoja na wenzake wa chuo cha tiba cha huko. Walichukua timu 20 za ligi ya vijana ya Lagos, wachezaji 416. Wakazigawa kwa kura: timu nyingine zifanye programu hiyo, nyingine ziendelee kupasha kama zilivyozoea. Wakazifuata kwa miezi sita. Mwaka 2014 wakachapisha kwamba majeraha kwa ujumla yalipungua kwa asilimia 41, na yale ya miguu kwa asilimia 48. Hakukuwa na maabara ya mabilioni pale, wala mashine za kupima gesi za pumzi. Kulikuwa na swali lililonyooka, wafiziotherapia, na nidhamu ya kurekodi kila siku. Baadaye Owoeye aliendelea na utafiti Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, safari hii kwenye majeraha ya mpira wa kikapu wa vijana. Njia yake isome vizuri, kwa sababu alipoanzia yeye ndipo uliposimama wewe sasa hivi, na soda yako mkononi.

Kwa hiyo udaktari si sharti. Daktari ana nafasi yake, hasa kwenye moyo, kichwa na upasuaji. Lakini nani anamwona mchezaji kila siku? Nani anajua kwamba beki wa kushoto anachechemea kila Jumatatu na ikifika Jumamosi anasema mzima? Ni wewe. Watafiti wa vyuo vikubwa wanaitafuta nafasi hiyo kwa fedha nyingi, na wewe umepewa bure.

Uanzie wapi? Anza na daftari. Na nikuambie kwa nini, maana mimi msimu wangu wa kwanza niliupoteza wote. Nilikaa na timu moja tangu mazoezi ya kabla ya ligi mpaka mechi ya mwisho, nikaandika kila jeraha: enka, goti, nyama za paja, kila kitu. Daftari likajaa. Nikampelekea msimamizi wangu kwa furaha. Akafungua kurasa tatu, akaniuliza, "Walicheza saa ngapi?" Sikuwa nimeandika. Nilikuwa najua walioumia wangapi, sijui waliumia katika muda gani wa kucheza, kwa hiyo sikuweza kulinganisha timu yangu na timu yoyote duniani. Msimu mzima ukawa hadithi tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Timu moja ina watu 11 uwanjani, mechi ni saa moja na nusu, kwa hiyo kila mechi inakupa saa 16.5 za mchezaji. Mazoezi ya watu 20 kwa saa moja na nusu ni saa 30. Unajumlisha saa zote, unajumlisha majeraha yote, unasema ni majeraha mangapi kwa kila saa 1,000. Mechi na mazoezi kila kimoja na hesabu yake, usivichanganye. Na jeraha ni nini? Tangu mwaka 2006 watafiti wa soka wana makubaliano ya kimataifa. Katika tafiti nyingi zinazohesabu muda uliopotea, jeraha ni lile linalomfanya mchezaji ashindwe kushiriki kikamilifu mazoezi au mechi inayofuata. Uzito wake unapimwa kwa siku alizokaa nje: siku 1 hadi 3 ni dogo sana, 4 hadi 7 dogo, 8 hadi 28 la wastani, zaidi ya 28 kubwa. Kwa hiyo tarehe ya kurudi ina thamani sawa na tarehe ya kuumia. Wengi wetu tunaandika aliyeumia, hatuandiki aliyepona.

Chukua mechi yako ya Jumamosi. Kijana amekaa chini ameshika enka, kocha anapiga kelele "mpulizie arudi!" Wewe kabla hata hujafungua mkoba, tazama saa: dakika ya 63. Aligongwa, au aligeuka peke yake? Kama aligeuka peke yake, mguu gani ulikuwa chini, na pale chini pana nini, majani, vumbi, kishimo? Alishawahi kuumia enka hiyo hiyo? Viatu vya nani? (Usicheke hilo la viatu. Kwenye ndondo nimeona jozi moja ikivaliwa na watu wawili kwa zamu, mmoja namba 41, mwenzake 43.) Hayo yote ni mistari mitano ya kalamu, na unayaandika baada ya kumhudumia, sio badala ya kumhudumia.

Usidhani huu ni mchezo wa watoto. Jan Ekstrand, daktari wa mifupa wa Linköping, Uswidi, alijenga maisha yake yote ya kitaaluma juu ya kuhesabu hivi. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichapisha jaribio la timu 12 zenye wachezaji 180. Timu zilizopewa mpango wa kuzuia majeraha zilipata pungufu kwa asilimia 75 kuliko nyingine. Tangu mwaka 2001 ameongoza utafiti wa UEFA kwenye klabu kubwa za Ulaya, na ndiko tulikojifunza kwamba mechi zao huzaa majeraha kama 27.5 kwa saa 1,000 huku mazoezi yakizaa kama 4, na kwamba kikosi cha wachezaji 25 kitegemee majeraha 50 hivi kwa msimu. Rudisha namba hizo kwenye hesabu yetu: ni karibu jeraha moja kwa kila mechi mbili kwa timu moja. Timu yako ya Morogoro iko juu ya hapo au chini? Ukiweza kunijibu baada ya msimu mmoja, una mwanzo wa andiko la uzamili.

Lakini kuhesabu peke yake hakutoshi, lazima ujifunze pia kumsikiliza mgonjwa asiyefanana na kitabu. Mwaka 1981 mwanamke mmoja alikimbia Comrades, zile kilomita karibu 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, akazidiwa vibaya. Wakati huo kila mkimbiaji aliyeanguka alidhaniwa amekaukiwa maji. Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town alipofuatilia kisa chake akaona kinyume: sodiamu ya damu ilikuwa imeshuka mno, na sababu ni kunywa maji kupita kiasi. Maji yakizidi, damu inazimuka, ubongo unavimba. Mwaka 1985 yeye na wenzake walichapisha visa vinne. Wanne tu! Ilichukua miaka 20 dunia kukubali. Mwaka 2005 utafiti uliofanywa kwenye Boston Marathon ya 2002 ulionyesha kwamba kati ya wakimbiaji 488 waliotoa damu, asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini. Baada ya hapo ushauri wa kunywa "kadiri uwezavyo" ukabadilishwa. Nakupa kisa hiki kwa sababu nataka ujue kipimo cha subira ya kazi hii. Unaweza kuwa sahihi na ukakaa miaka 20 ukibishana, na ubishi wenyewe uwe wa heshima na wa data.

Tuje nyumbani, maana kuna jambo linaniuma. Kwa muda mrefu miili ya watu wa Afrika Mashariki imechunguzwa na wageni. Sina ugomvi na wageni hao, wengine wametufundisha sana. Bengt Saltin, gwiji wa fiziolojia kutoka Uswidi aliyehamia Copenhagen, alikuja Kenya mwaka 1990 na wenzake, wakawapima wakimbiaji wa huko, wakiwemo vijana wa shule, wakilinganisha na wakimbiaji wa Skandinavia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: kwa wakimbiaji wa juu, uwezo wa kutumia oksijeni haukupishana sana, lakini Wakenya walitumia nguvu kwa ubanifu zaidi katika kasi ile ile. Kazi nzuri. Ila baada ya vipimo ndege iliondoka, na mashine ziliondoka nayo.

Kilichonitia moyo ni kilichofuata. Mike Boit, aliyeshinda shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, alisoma Marekani, akarudi, akawa profesa wa sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwanafunzi wa chuo hicho hicho, Vincent Onywera, alishirikiana naye na Yannis Pitsiladis, mtafiti aliyekuwa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Wakawahoji wakimbiaji 404 wa ngazi ya taifa na kimataifa, wakawalinganisha na kundi la watu wa kawaida, kuhusu mahali walikotoka, lugha ya nyumbani, na namna walivyokuwa wakienda shule. Utafiti huo wa mwaka 2006 ulitumia dodoso. Dodoso, mdogo wangu! Onywera baadaye aligeukia swali ambalo kwangu ni kubwa kuliko medali: watoto wa Nairobi wanaopelekwa shule kwa gari na kushinda wamekaa. Hiyo nayo ni tiba ya michezo. Mtu akiidharau kwa sababu haina mchezaji nyota ndani yake, huyo bado hajaielewa fani.

Na kuna maswali ambayo tusipoyajibu sisi, vijana wetu wanaumia kwayo. Moyo ni mfano. Vipimo vya umeme wa moyo vilivyotumika kuwachuja wanamichezo vilijengwa zaidi juu ya wanamichezo Wazungu. Katika wanamichezo weusi wenye afya kuna mabadiliko fulani kwenye karatasi ya ECG, mawimbi ya T yaliyopinduka kuanzia V1 mpaka V4 (majina ya sehemu za kifuani zinapobandikwa waya), yakitanguliwa na mstari ulionyanyuka, ambayo kwa mwingine yangetiliwa shaka. Ilichukua kazi kubwa, ikiwemo ya Sanjay Sharma na wenzake wa London, hadi vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017 vikatamka wazi kwamba mpangilio huo kwa mwanamichezo mweusi ni wa kawaida. Upande wa pili tunamkumbuka Marc-Vivien Foé, aliyeanguka Lyon tarehe 26 Juni 2003 akiichezea Kamerun, na uchunguzi ukaonyesha msuli wa moyo ulionenepa kwa ugonjwa. Kumzuia mzima ni kosa, kumruhusu mgonjwa ni msiba. Na waliopimwa wengi ni weusi wanaoishi Ulaya. Kijana wa Singida au Kigoma yuko wapi kwenye takwimu hizo?

Umeniuliza maisha yakoje. Siku yangu ya kawaida: asubuhi nafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili goti, saa sita nina kliniki, jioni niko uwanjani na mwanafunzi wa uzamili anayepima miruko kwa mkanda wa kupimia na chaki ukutani, usiku nasahihisha, au nawajibu wapitiaji wa jarida walioniambia sampuli yangu ni ndogo. Mshahara ni wa mhadhiri, sitakudanganya. Fedha za utafiti ndizo ngumu zaidi, kwa sababu wafadhili wengi wa afya kwetu wanatazama malaria, Virusi vya UKIMWI na uzazi. Ufumbuzi wangu umekuwa kuomba kwa jina la magonjwa yasiyoambukiza na afya ya vijana, jambo ambalo ni kweli, na kubuni tafiti ambazo zingefanyika hata ruzuku isingekuja.

Kitu kitakachokupima kuliko fedha ni uaminifu. Klabu moja iliwahi kuniomba nionyeshe majina ya wachezaji wenye magoti mabovu kwenye data yangu, wiki mbili kabla ya kusaini mikataba mipya. Nilikataa, na msimu uliofuata hawakunipokea. Ningekataa tena. Mchezaji alinipa goti lake kwa ajili ya utafiti, hakumpa mwajiri wake. Ndiyo maana daftari lako tangu siku ya kwanza liwe na namba, sio majina, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwako nyumbani imefungiwa. Kuandika kumbukumbu za matibabu ya timu unayoihudumia ni sehemu ya kazi yako, lakini ukitaka kuzichapisha, unahitaji kibali cha maadili cha chuo au cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kabla hujaanza kukusanya, ridhaa ya kila mchezaji, na kwa walio chini ya miaka 18, ya mzazi pia. Usikusanye kwanza ukaomba ruhusa baadaye. Wapitiaji wanakagua tarehe.

Upande wa masomo sitaongea mengi. Uzamili ufanye hapa hapa au ukanda huu, kwa sababu mbili: data yako iko hapa, na ajira hutaiacha kwa muda mrefu. Unaweza kuusoma kwenye fiziotherapia, afya ya jamii au epidemiolojia, yaani elimu ya kuhesabu magonjwa na majeraha katika watu na kutafuta sababu zake. Mimi ningekuomba uchague epidemiolojia kama moyo wako unaweza, maana goti unalijua tayari, unachokosa ni takwimu. Uzamivu ndio uende nje ikiwezekana, Afrika Kusini, Kanada au Skandinavia. Kabla ya kumwandikia msimamizi yeyote, soma makala zake tatu za karibuni, na barua yako ianze na swali lako, sio na shida zako. Maprofesa wanapokea barua nyingi za "naomba nafasi". Barua inayosema "nina saa 2,000 za mechi na mazoezi za timu ya Morogoro, na enka zinarudi kuumia kuliko nilivyosoma popote, nisaidie kuelewa kwa nini", hiyo inajibiwa.

Basi Jumamosi nenda na daftari la kurasa 96 na kalamu mbili. Ukurasa wa kwanza chora safu saba: namba ya mchezaji, tarehe, mechi au mazoezi, dakika, sehemu ya mwili na upande, namna alivyoumia, tarehe ya kurudi. Ukurasa wa nyuma kabisa andika kila siku waliohudhuria wangapi na walicheza muda gani. Zungumza na kocha kabla, umweleze unachoandika na kwa nini, umwombe dakika 20 za kupasha misuli kwa utaratibu. Huenda akakupa kumi. Zichukue. Ukifikisha wiki nane niandikie tena, unitumie jedwali lisilo na majina, nami nitakaa nalo nikuonyeshe namna ya kuligeuza kuwa pendekezo la utafiti la kuombea kibali.